Tanzia ya Stamena

Radojka Stanimirović alisoma taarifa ya habari katika redio ya mji wetu kwa miaka ishirini na miwili, na mimi, Vidoje, nilikuwa upande wa pili wa kioo, kwenye mitambo. Tihomir Perendić, tuliyemwita Tika, alikuja pale akiwa hajui hata kuvuta pumzi mbele ya kipaza sauti. Radojka ndiye aliyemfundisha. Miaka ikapita, Tika akajua kupumua, akajua na mlango wa kwa meya, akawa mkurugenzi.

Machi moja maji ya bomba yalitoka ya kahawia wiki mbili mfululizo. Tuliagizwa kutangaza kwamba ni kutu ya kawaida. Radojka akasoma hivyo hivyo, kisha akaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba ofisini kwa meya wanakunywa maji ya chupa. Kabla ya mchana kwisha hakuwa na kazi. Mimi nilimfuata baada ya wiki moja, kwa kosa la kutomzimia kipaza sauti.

Hilo angelisamehe. Aliniambia mwenyewe.

Februari iliyofuata mama yake, Stamena, akafariki. Stamena aliuza pilipili za kuchoma na kabichi za siki sokoni kwa miaka arobaini, na nusu ya mji ilikula kutoka mkononi mwake. Matangazo ya vifo yalisomwa redioni saa tano asubuhi, na asiyesomwa alikuwa kama hajafa. Karatasi za tanzia tulizobandika kwenye nguzo zilifunikwa na theluji siku ile ile. Radojka alikuwa amepeleka tangazo redioni kwa mkono wake. Saa tano yakasomwa majina matatu, la Stamena halimo. Akapiga simu.

"Hitilafu ya mitambo," Tika akamjibu. "Pole sana, dada."

Makaburini tulikuwa watu kumi na mmoja. Padri alikuwa akitazama getini kila mara, akidhani wengine wako njiani. Na mwezi mzima baadaye watu walimsimamisha Radojka sokoni: "Mama hajambo? Mwambie nazisubiri kabichi zake." Kila mara ikambidi amzike upya.

Mwezi wa nne alikodi chumba nyuma ya saluni ya nywele, tukafungua tovuti ya habari za mji. Nilipendekeza majina kadhaa mazuri. Akayakataa yote, akaiita Stamena.

"Nani ataelewa?" nikauliza.

"Tika ataelewa. Nataka alitamke kila siku."

Na alilitamka, maana hata ofisini kwa meya watu waliulizana asubuhi Stamena imeandika nini leo. Tulianza na tanzia tupu: picha, saa ya mazishi, kwa yeyote aliyefiwa. Wajukuu wakawasomea wazee kwenye simu. Vikafuata vikao vya halmashauri, Radojka kiti cha mbele na daftari lake. Tukapeleka chupa sita za maji ya bomba kupimwa mji mwingine, tukachapisha majibu, na kiangazi hicho pampu zikabadilishwa. Watu walimpongeza barabarani. Yeye hakuwa na habari na pongezi.

"Meya ni kazi tu," aliniambia. "Tika ndiye wangu."

Alingoja miaka minne.

Mzee Gvozden, baba yake Tika, alikuwa mstaafu wa reli na mtu wa watu. Alipofariki, tangazo lake lilisomwa redioni mara sita. Mpaka jioni hakuna aliyepiga simu kutoa pole, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akisikiliza tena. Kesho yake asubuhi Tika akaja chumbani kwetu, hajanyoa, kashika bahasha yenye picha.

"Kaa," Radojka akamwambia. "Kahawa?"

"Dada Radojka, mazishi ni kesho saa saba."

"Tangazo litatoka baada ya dakika kumi. Ila kwanza niandikie, kwa mkono wako, kwa nini mama yangu hakusomwa."

"Si unajua."

"Mimi najua. Wewe andika."

Tika alitazama mlango, kisha akatazama picha ya baba yake. Akaandika mistari minne: kwamba mitambo ilikuwa mizima, kwamba hakuagizwa na mtu, kwamba alitaka tu Radojka aonje kunyamazishwa. Akatia sahihi. Radojka alisoma, akamsahihishia neno moja aliloliandika vibaya, kama zamani. Tangazo likatoka, na mzee akazikwa na umati uliofurika hadi nje ya ukuta wa makaburi.

Siku ya tatu baada ya mazishi akaniambia niichapishe ile barua.

"Mtu yuko matangani, Radojka."

"Na mimi nilikuwa wapi? Harusini?"

"Hukumwambia utaichapisha."

"Hakuuliza."

Nilikataa. Akanisogeza na kiti changu, akaichapisha mwenyewe. Nikachukua koti nikaondoka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mwenye saluni. Mjane wa Gvozden alikuja na kitambaa cheusi kichwani, akasimama mlangoni.

"Mama yako ningemzika," akasema. "Nilinunua kwake miaka thelathini. Mwanangu alinificha hata mimi. Lakini si ungengoja arobaini ipite?"

"Ningengoja ningepoa, mama," Radojka akamjibu.

Mjane akatikisa kichwa, akaenda zake. Hawajasalimiana tena.

Tika hakumaliza mwezi. Sokoni walimwuzia bila kumtazama, na meya, aliyekuwa na uchaguzi mbele yake, akamwomba ajiuzulu. Akahamia Novi Sad kwa shemeji yake. Wengine wanasema Radojka alitenda haki, wengine wanasema alimvua nguo mfiwa. Wanabishana mpaka leo, na wote wanaisoma Stamena.

Nilirudi baada ya wiki tatu, kukaa nyumbani kumenishinda. Hakuniomba radhi. Alinipa orodha ya mitaa isiyo na taa nikaipige picha.

"Kweli hujutii?" nikamwuliza.

Alifikiri kwanza, hakukimbilia jibu.

"Yule mama, kidogo. Tika, hapana. Siku ile nilipoichapisha barua nilirudi nyumbani nikakaanga samaki wawili, nikawala wote peke yangu. Miaka minne nilikuwa sisikii njaa, Vido. Chakula nilikuwa nakimeza tu."

Kisha akaniambia niwahi, mtaa wa kwanza uko mbali.