Kaka yangu anataka niseme siwezi

Admin, naomba jina langu lisionekane. Na kama kuna mtu wa kwetu atakayenijua kwa habari hii, tafadhali anyamaze tu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, naishi upande wa Mbumbuni, Makueni. Miguu yangu haifanyi kazi tangu utotoni, natumia kiti cha magurudumu. Sitafuti huruma. Nina duka langu la ushonaji, napika, naoga, natoka kitini na kupanda kitandani bila kuguswa na mtu. Mteja mgeni akiingia na kuuliza fundi yuko wapi, humwambia atazame vizuri, yuko mbele yake.

Mwaka huu shirika moja lilinichagua kwenda Ulaya wiki mbili, kwa mafunzo ya mafundi wenye ulemavu. Mama anayepanga safari yuko Nairobi, na alinieleza kwa simu mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: kwamba uwanja wa ndege kuna watu wa kunipokea mlangoni, kwamba kiti changu kitawekwa na mizigo nami nipewe kingine chembamba kinachopita katikati ya viti vya ndege, kwamba bafu la hoteli halina ngazi. Halafu akauliza kama nahitaji msaidizi. Asiyejiweza hulipiwa mtu wa kumsindikiza, anayejiweza huenda peke yake. Nikamwambia nitamjibu. Jioni nikawasimulia watu wa nyumbani, furaha imenijaa, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Kaka yangu, nitamwita Mutinda, usiku huo alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kulala. Ndengu zake zimekauka shambani misimu miwili mfululizo, ana watoto watatu, na visa ya kwenda Ulaya ameshanyimwa. Asubuhi akaja dukani, akarudisha mlango nyuma yake.

"Ambia hao watu unahitaji mtu. Mimi ndio nitakupeleka," akasema. "Lakini nikifika huko, mimi sirudi."

"Na mimi nitarudi na nani?"

"Watakurudisha. Nani ataacha mtu wa wheelchair kwa airport?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni nikaona hatanii, nikasimamisha cherehani.

Nikificha sehemu inayofuata mtanishauri vibaya. Nilipokuwa mdogo hatukuwa na kiti, na shule ilikuwa ng'ambo ya mto wa mchanga. Mutinda alinibeba mgongoni miaka yote ya shule ya msingi. Wenzake walimcheka, wakamwita punda wangu, na hakuwahi kuniweka chini. Nikikataa, ananikumbusha hilo bila kupaza sauti. "Mimi nilikubeba sikuuliza utanifanyia nini. Nibebe hii mara moja." Siku ya kwanza aliposema hivyo nililia mpaka nikafunga duka mapema.

Mama yuko upande wake. Mimi nimeitwa jina la mama yake mzazi, kwa hivyo tangu nizaliwe huniita "mwaitu", yaani mama yangu, kama ilivyo desturi yetu Wakamba. Tangu nisite, ananiita kwa jina la ubatizo, kama karani wa hospitali. Juzi alikaa mbele yangu akasema, "Nilizaa wawili. Kama mmoja atafungia mwenzake nje, usinifanye nifungue mdomo." Mkamba yeyote anaelewa. Ni kiumo, laana ya mzazi. Kanisani tunaenda kila Jumapili, lakini hiyo bado tunaiogopa.

Basi yule mama wa Nairobi akapiga simu tukiwa wote sebuleni. Mutinda akaichukua mkononi mwangu akaweka sauti ya juu. Mama wa Nairobi akauliza kama naweza kuhama kutoka kitini mwenyewe, kama naweza kwenda chooni mwenyewe. Kaka akajibu haraka, "Hawezi, madam. Hata kuoga huoshwa." Huoshwa! Mimi, ambaye sare za watoto wake nazifua na kuzipiga pasi! Uso uliniwaka moto. Mama wa Nairobi akasema, "Asante, lakini nataka kumsikia mwenyewe." Macho yote yakanigeukia. Nikanyoosha mkono, nikachukua simu, nikaikata. Nikawaambia network imepotea. Hakuna aliyeniamini.

Baadaye mama wa Nairobi akatuma ujumbe kwamba atapiga tena Jumatatu, na hiyo ndiyo ya mwisho kabla ya tiketi kukatwa. Akaongeza kwamba msaidizi wa mtu akitoroka huko, shirika halichukui tena mtu yeyote kutoka eneo au duka la huyo mtu. Nina mwanafunzi wangu, msichana kutoka Nuu, kule Kitui, anayetembea kwa magongo, anayeomba nafasi ya mwaka ujao. Hajui lolote kuhusu haya, na kila asubuhi ananiuliza Ulaya kuna baridi kiasi gani.

Nikisema siwezi, nitakuwa nimeyakana maisha yangu yote kwa kinywa changu, nimemfungia msichana huyo njia, na huenda nikaachwa peke yangu nchi nisiyojua hata lugha yake. Nikisema naweza, aliyekuwa miguu yangu atabaki hapa na shamba kavu na watoto watatu, akijua ni mimi. Na mama anaweza kufungua mdomo. Simchukii kaka yangu. Ningemchukia ingekuwa rahisi.

Mutinda ameshanunua begi. Mama amesema Jumatatu hakuna kwenda dukani, tutakaa naye tungoje simu pamoja. Nishaurini jamani, wenye wazazi na wenye ndugu, na hasa ninyi mnaotumia viti kama mimi. Wakiniuliza "unaweza?", nijibu nini?