Mlinzi wa Darasa la Kwanza

Mzee Alute amekuwa mlinzi wa shule ya msingi kwa miaka kumi na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema uongo, ukiacha ule wa kawaida wa kuwaambia wachelewaji kwamba mwalimu wa zamu anakuja na fimbo. Ndiyo maana uongo mmoja uliomwingilia nyumbani kwake ulimnyima raha. Tena hakuusema yeye. Ulisemwa na mjukuu wake, naye alichofanya ni kunyamaza.

Shule yenyewe iko kando ya njia ya kwenda Mtinko, mkoani Singida, madarasa manane na jiko la uji, imezungukwa na mashamba ya alizeti na mbuzi wa watu. Saa kumi na mbili asubuhi Alute hufungua lango. Kisha hupiga kengele, yaani rimu la lori lililoning'inizwa kwenye mwarobaini, humwagilia miche, huziba matundu ya uzio, na siku nzima hupambana na mbuzi, ambao wanaijua ratiba ya shule kuliko baadhi ya walimu. Huvaa koti la kaki alilorithi kwa mwalimu mmoja aliyestaafu, na kwenye mfuko wa kifuani hubeba kalamu mbili. Ya bluu ni ya kusaini daftari la lindo. Nyekundu aliiokota tu, akaipenda.

Sasa koti kama lile, na kalamu nyekundu juu yake, lazima liwachanganye watu. Halafu pale kijijini kila anayeonekana akitoka shuleni huitwa mwalimu. Hata fundi aliyekuja siku mbili kugongelea mabati aliondoka akiitwa mwalimu. Basi Alute akipita dukani, muuza duka humwambia, "Karibu mwalimu, leo sukari robo au nusu?" Alute hucheka na kuchukua sukari yake. Ni utani, na utani wa dukani haumuui mtu.

Lakini juu ya mabega yake, katika safari hizo za dukani, alikuwa amekaa Pendo. Pendo ni binti wa Hosea, mwanawe Alute anayeendesha bodaboda Singida Mjini, na amelelewa na babu na bibi tangu akiwa na miaka miwili. Mtoto alisikia mwalimu, mwalimu, mwaka hadi mwaka, akaliweka neno moyoni. Januari alipoanza darasa la kwanza, alirudi siku ya kwanza akiwa na habari.

"Babu, nimemwambia Peniel kwamba wewe ni mwalimu. Ninakaa naye dawati moja. Akasema mbona hufundishi darasani. Nikamwambia wewe ni mwalimu wa nje."

Bibi Sara alimtazama mumewe juu ya bakuli la mlenda. Alute aliutazama mlenda.

"Kula, mama," akamwambia mtoto. "Mlenda unapoa."

Mtoto alipotoka kunawa, Sara hakumwacha. "Baba Hosea, mwambie ukweli mapema. Akiusikia kwa wenzake atakuja kukulilia wewe."

"Nitamwambia."

Alijaribu, mnyonge wa Mungu. Jumanne alianza vizuri, "Pendo, unajua shule ina walimu na ina wafanyakazi wengine," mtoto akamkatiza kumwonyesha jino linalotikisika. Alhamisi alianza tena, na safari hii yeye mwenyewe alikata maneno, kwa sababu Pendo alikuwa ameichomeka ile kalamu ya bluu kwenye shingo ya gauni na anatembea uani mikono nyuma, kama babu. Mtu wa kuvunja kitu kama hicho awe na moyo wa jiwe, na Alute hana.

Wiki ya tatu mambo yakamfuata mwenyewe. Mwalimu Dorkas, mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alimwita kivulini mwa mwarobaini.

"Mzee, shikamoo. Ijumaa nawaita wazazi wa darasa la kwanza. Nataka wawajue wote wanaowashughulikia watoto wao, walimu na wasio walimu. Kila mtu atasimama aseme jina lake na kazi yake. Watoto watakuwepo."

Alute akageukia lango. "Marahaba, mwalimu. Ila mimi ningebaki langoni. Mbuzi hawa..."

"Wenye mbuzi wote watakuwa ndani ya darasa langu. Nitawaambia wenyewe."

Hapo hakuna pa kupenya. Alute alirudi langoni na kuwatazama mbuzi kwa chuki mpya.

Kabla ya hiyo Ijumaa ni vizuri kueleza jambo la langoni, maana ndilo lililoleta yote. Alute aliishia darasa la pili. Baba yake alimtoa akachunge, na kuhesabu alijifunza kwa ng'ombe. Mchungaji hahesabu ng'ombe waliosongamana zizini, atamrudia mmoja mara mbili na kumwacha mwingine porini. Huwahesabu wanapopita langoni, mmoja mmoja, na kila wakitimia kumi hutia kijiti mfukoni. Jioni huhesabu tena, vijiti vikipungua anajua la kufanya.

Alute hakuona kwa nini watoto wahesabiwe kwa njia nyingine. Kila mwaka, darasa la kwanza wakija asubuhi, huwapanga nje ya lango na kuwapitisha mmoja mmoja, ila mtoto hutaja namba yake mwenyewe. Siku ya kwanza walihesabu hadi kumi na mbili, wa kumi na tatu akajiita wa mia, Alute akamtajia namba yake, wakaanza upya. Jioni walitoka kwa kuhesabu vilevile. Kufika wiki ya tatu walikuwa wanapita bila kukwama hadi sitini na nane, vijiti sita mfukoni na wanane wa juu. Siku moja jioni walitoka sitini na saba. Alute alifunga lango, akazunguka, akamkuta wa sitini na nane amelala nyuma ya jiko la uji. Kwake huo ulikuwa ulinzi, kazi aliyoajiriwa kuifanya, na hakuwa na habari nyingine.

Ijumaa ikafika. Wazazi walijaa madawati madogo, magoti yakigusa videvu, na watoto walikaa chini mbele. Pendo alikuwa mstari wa kwanza ubavuni mwa Peniel, amenyooka, anamtazama babu yake na koti lake la kaki lililopigwa pasi na Sara mwenyewe.

Dorkas alijitambulisha kwa sentensi mbili: anafundisha kusoma na kuandika, na asiyemnunulia mtoto daftari wataonana. Wakapiga makofi. Akafuata Mwalimu Christopher wa hesabu, kijana mrefu aliyehamia mwaka huu.

"Ndugu wazazi, mimi nimeshangaa," alisema. "Nilizoea kuanza na moja mpaka tisa. Watoto hawa nimekuta wanapita hamsini. Ni wazi mnafanya kazi kubwa nyumbani. Nawapongeza sana."

Wazazi walitazamana. Hakuna aliyekumbuka kufanya kazi hiyo, lakini sifa ya bure hairudishwi, wakaipokea kwa vicheko na kujipigia makofi. Alute naye alipiga, kwa moyo wote.

Akasimama mpishi. "Mimi ni Yasinta, napika uji. Anayesema uji wangu una madonge aje ashike mwiko." Makofi yake yalizidi ya walimu.

Ikabaki zamu moja. Alute alisimama, akashika kifungo cha koti. Alikuwa ameandaa maneno ya kupita katikati: kwamba anasaidia shule, kwamba anawaangalia watoto. Yangetosha. Mtoto asingeelewa na mzazi asingeuliza. Lakini alipomwona Pendo ametoa macho vile, alijisikia mwizi, yeye ambaye kazi yake ni kuzuia wezi.

"Naitwa Alute," alisema. "Mimi si mwalimu. Nasema hivyo kwa kuwa wengine mnaniita. Mimi ni mlinzi. Napiga kengele, nafungua lango, nafukuza mbuzi wenu. Ni hayo tu."

Watu walicheka kwa ajili ya mbuzi, wakapiga makofi, na Alute hakuyasikia. Alimwona Peniel akigeuka kumtazama Pendo. Alimwona Pendo akiinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti. Iliuma, na ilimuuma zaidi kwa sababu alijua angeweza kuizuia wiki tatu nyuma, nyumbani, mbele ya mlenda.

Kurudi nyumbani Pendo alitangulia hatua kumi mbele, hakutaka kushikwa mkono. Alikataa karanga, akakataa hata kumwonyesha bibi jino, ambalo sasa lilikuwa linaning'inia. Alute alijikokota mpaka kwenye kigoda, akakaa karibu naye.

"Pendo, nisamehe. Nilitakiwa kukuambia zamani. Babu alikosea."

"Umekosea kweli," alisema Pendo. Sauti ilikuwa ya hasira, haikuwa ya kilio. "Umesema uongo mbele za watu."

"Uongo upi tena? Nimesema kweli."

"Umesema wewe si mwalimu. Mwalimu Dorkas alisema mwalimu ni mtu anayekufundisha kitu ambacho hukijui. Nani alinifundisha kuhesabu? Nani alimfundisha Peniel? Mwalimu Christopher alikuta tunajua. Akasema ni wazazi, na wewe ukapiga makofi." Akavuta pumzi. "Peniel ananiuliza kwa nini babu yako anaogopa. Ukikosa unafanya masahihisho, Babu. Mwalimu Dorkas hasamehi."

Ndani ya nyumba Sara alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtetemeka. Miaka sitini na mitatu Alute ameishi, na alikuwa hajawahi kukemewa kwa kusema ukweli.

Jumatatu zamu ilikuwa ya Mwalimu Christopher. Alifika mapema kuliko kawaida, akasimama pembeni ya lango na daftari lake la mahudhurio, kalamu mkononi. Watoto wa darasa la kwanza walijipanga. "Wa kwanza," akapita. "Wa pili," akapita. Walipotimia kumi, Alute alitia kijiti mfukoni. Christopher aliacha kuandika. Kufika ishirini alikuwa amefumba daftari, na kufika arobaini alikuwa ameegemea nguzo ya lango, anatikisa kichwa polepole.

"Wa sitini na nane," alisema wa mwisho, akakimbia.

"Mzee Alute," Christopher alisema, "hii umeanza lini?"

"Tangu niingie hapa, mwalimu. Mtoto akipotea nitamwambia nini mama yake?"

Christopher alivitazama vijiti mfukoni mwa koti. Halafu akaomba kitu kimoja: kipindi cha hesabu, Mzee amletee darasani vijiti, mafungu ya kumi kumi.

Alute alikata vijiti, akavifunga kwa kamba za katani, akavibeba kifuani mpaka mlangoni mwa darasa la kwanza. Kwa miaka kumi na sita mlango ule aliuona zaidi kwa nje. Alipita hapo na fagio, alipita na ndoo, na kila siku alisikia kupitia dirishani mwalimu akiingia, madawati yakigonga, watoto wakiimba salamu kwa pamoja. Yeye akiingia kurekebisha dawati, waliendelea na yao. Kwa mlinzi watoto hawasimami.

Alikanyaga ndani. Pendo akasimama. Peniel akasimama. Kisha madawati yakagonga yote, darasa zima likawa wima.

"Shikamoo mwalimu!"

Alute aligeuka haraka kumpisha mwalimu aliyekuwa anaingia nyuma yake. Mlangoni hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mbuzi mmoja tu, mbali, anavuka uwanja, na kwa mara ya kwanza hakumfukuza.

Aliwageukia watoto. Walikuwa bado wamesimama, mikono ubavuni, wanasubiri. Pendo alikuwa na pengo mbele, jino lilikuwa limetoka asubuhi ile, na alikuwa anamtazama babu yake kama mtu anayesubiri kazi iliyosahihishwa.

"Marahaba," alisema Alute.

Hawakukaa. Alimtazama Christopher, ambaye alikuwa amejisogeza pembeni mpaka ukutani, chaki mkononi.

"Hawakai mpaka mwalimu awaambie," Christopher alinong'ona.

Alute aliweka vijiti mezani. Alipangusa macho kwa mkono wa lile koti la kaki, hakujificha, akawatazama mstari kwa mstari toka mbele mpaka nyuma.

"Kaeni," akasema. Wakakaa sitini na nane. Alikuwa amewahesabu.