Bibi Yangu Aliitwa Nani?

Leo nimeshindwa kuandika jina la bibi yangu. Bibi aliyenilea!

Nilienda maktaba hapa mjini Singida, nianze kutafuta historia ya ukoo wetu. Dada wa pale akanipa karatasi nijaze wazazi, halafu babu na bibi.

Kwa bibi nikaandika "Mama Yohana".

Akauliza, "Yohana ndiye nani?"

"Baba yangu."

"Sasa hapo umemwandika baba tena, kaka. Yeye mwenyewe aliitwa nani?"

Nikatoka nje, nikampigia mzee wangu, yuko Ilongero. Shikamoo, marahaba, nikauliza.

"Sisi tulimwita mama tu," akasema. "Hata kitambulisho hakuwa nacho. Aliyelijua jina lake ni mdogo wake, na yeye si tumemzika juzi juzi tu?"

Karatasi nimeirudisha na pengo lake.

Jamani, nyie mnayajua majina ya bibi zenu? Sio Mama Fulani. Jina!

Mimi sina hata wa kumlaumu. Kibao cha kaburi la bibi nilikiandika kwa mkono wangu. Nilimuuliza mzee, "Niandike nini?"

Akasema, "Andika Mama Yohana. Si kila mtu anamjua?"