Wembe Uliohamia kwa Mke Mwenzangu

Wivu wangu ulianzia kidevuni kwa mume wangu. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na mume wangu alikuwa karani wa stesheni hapa Tabora, mtu wa kunyoa ndevu kila asubuhi. Tulikuwa wake wawili: mimi mkubwa, na mdogo aliyemtoa Bukene, binti wa kinyozi. Siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Kwangu alitoka na mikwaruzo shingoni. Kwake alitoka laini kama yai lililomenywa. Majirani waliona, na jirani akiona hanyamazi.

Mwisho wembe wake wa kukunja ukahamia kule. Hata siku zangu akawa anaamka kwangu, anakwenda kunyolea kwa mwenzangu, na uji anakunywa huko huko. Hapo moyo ukaungua. Mume anayekunywa uji kwingine siku yako, kesho utamtafutia wapi?

Sikusoma sana, lakini kusafisha najua. Wembe ule nilikuwa nausugua kwa majivu na mchanga mpaka unang'aa, kisha naukunja na maji yake. Kosa sikuliona.

Nilikaa na donge wiki nzima, halafu nikajitanda kanga nikaenda kwake kuuliza siri ya wembe. Mdogo akaniamkia shikamoo, nikaitika kwa shida. Nilipomweleza ninavyousafisha, akacheka hadi akakaa chini.

“Bi mkubwa, wembe si sufuria. Majivu yanakula makali.”

Ningeondoka, ila nilikuwa namtaka mume wangu arudi. Akanionyesha: kuukausha kwa kitambaa, kuupaka mafuta ya karanga kidogo, na kabla ya kunyoa kuupitisha juu ya mkanda wa ngozi, umelala bapa, mgongo utangulie, makali yafuate. Mimi nikatanguliza makali, nikaukata mkanda. Hakunikemea. Hilo nalo liliniudhi. Angenitukana ningejua pa kumweka.

Zamu yangu ilipofika niliuchukua wembe. Ijumaa asubuhi nikaunoa mkandani, nikachemsha maji, mume wangu akanyoa mlangoni kwangu, majirani wakipita. Hakikutoka hata kitone cha damu. Akajipapasa kidevu.

“Mwenzako amekufundisha vizuri,” akasema.

Tangu hapo wembe ulifuata zamu, naye siku zangu alinyolea kwangu. Lakini kila alipojipapasa, nilijua anamfikiria nani. Asante sikumpelekea mwenzangu.