Vitumbua Nyuma ya Rido

Furaha kubwa ya utoto wangu ilikuwa kula huku natembea. Nilizaliwa Bukoba, kwa wazazi waliokimbia Rwanda wakiwa wadogo, na huko mtoto aliyetumwa dukani alirudi akitafuna kitu: muwa, hindi la kuchoma, panzi wa senene wakati wa msimu wake. Kitumbua kilizidi vyote. Unakipokea cha moto kwenye kipande cha gazeti, unakirusha kutoka mkono huu hadi ule, unauma kwanza ukingo ulioiva sana, kisha unafika kwenye ulaini wa katikati wenye harufu ya iliki. Mafuta yanateremka mpaka kiwikoni. Aliyekutazama ulimmegea. Na mtu mzima aliyekula barazani kwake alimwambia kila apitaye, "Karibu." Aliyejificha ili ale, huyo aliitwa mchoyo, na jina hilo halikumtoka kirahisi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tulirudi Rwanda, tukapanga chumba Gisenyi, karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Kongo. Baba alikuwa bado anatafuta kazi. Mama alikuja na kikaango chake cha vitumbua, kile chenye vishimo, amekiviringisha ndani ya godoro kisipate kuvunjika mpini, na hicho ndicho tulichokitegemea kitulishe.

Alichagua mahali kwa makini: kando ya barabara ambapo kila aendaye Goma lazima apite. Walipita wanawake wa Bugeshi na viazi vyao, wabeba mizigo, wanajeshi, wanafunzi. Mama akaweka jiko, akaweka benchi, na benchi akaligeuza lielekee barabara. Bukoba ndivyo ilivyofanyika. Mteja akila mbele za watu, wanaomwona wanapata hamu.

Hakuna aliyeketi. Watu walisimama, wakanusa, wakauliza bei, wakasema ni vizuri, wakaenda zao. Wachache walinunua kimoja, wakakifunga vizuri kwenye mfuko na kukificha kama dawa. Jioni tulibeba beseni nyumbani karibu kama lilivyokuja, na chakula chetu cha usiku kikawa vitumbua vilivyopoa. Kitu nilichokuwa nakililia Bukoba kikaanza kunikwama kooni.

Mama aliwaza, akafikia uamuzi: watu hawa hawakijui chakula hiki, kwa hiyo waonyeshwe. Nilipotoka shule akaniketisha kwenye benchi nikiwa na sare yangu ya bluu.

"Kaa uso barabarani, mwanangu. Kula polepole, waone unavyofurahia."

Kwa dakika za mwanzo nilifurahia kwelikweli. Kisha wakatokea watoto wa darasa langu, mbele yao msichana wa jirani yetu, mama mmoja aliyeuza sambaza, vile vidagaa vya Ziwa Kivu. Alisimama ghafla, akaziba mdomo kwa mkono.

"Ayii! Angalieni! Iko anakula mu njia!"

"Na uniforme ya masomo!"

"Sawa mbuzi!"

"Hapana, hata mbuzi inasogea pembeni kidogo!"

Sikuelewa kosa liko wapi. Nikafanya nilichofundishwa: nikamnyooshea yule msichana nusu iliyobaki, nikasema, "Karibu." Wakapiga yowe, wakatimka kana kwamba nimewatolea nyoka.

Watoto ningeweza kuwasahau. Lakini nyuma yao alikuja mwanajeshi mmoja, mtu mzima, akanitazama mara moja, akageuza uso upande wa pili taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga. Hapo ndipo nilipoelewa. Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Kumeza sikuweza, kutema pia sikuweza. Mama alikuwa ameinamia jiko, amenipa mgongo.

"Umemaliza? Chukua kingine."

Nikachukua kingine. Sasa nimevuka miaka arobaini, na hindi la kuchoma bado nalibeba mpaka nyumbani, nalila limepoa na mlango umefungwa.

Nilikaa kwenye benchi lile siku kadhaa, kila siku nikiinamisha kichwa zaidi, na beseni likiendelea kurudi limejaa. Aliyetuokoa ni muuza sambaza mwenyewe. Alipita akitoka sokoni, karai tupu kichwani, akasimama mbele yangu akacheka.

"Mama wa Tanzania, huyu mutoto unamulea ao unamuanika? Mi nilizani sambaza tu ndiyo inaanikwa."

"Natafuta wateja, dada."

"Batu ba kununua iko bengi! Mi mwenyewe tangu siku ya kwanza mate inanitoka. Lakini mutu mukubwa atafungulia kinywa wapi? Hapa, mu macho ya bashemeji?"

"Kwani kula ni wizi?"

"Haiko wizi. Ni mambo ya ndani. Bon, tundika rido, mama. Tundika tu, utaona."

Rido ni pazia. Mama akageukia jiko lake. Jioni nilimsikia akimwambia baba kwamba watu watapita na njaa zao na yeye amewafungia kitambaa usoni, na kwamba angekuwa hai, mama yake angemwuliza alijifunza wapi uchoyo huo. Baba alimwambia tu kwamba kodi ya chumba imekaribia.

Asubuhi mama alichukua shuka letu la maua, akalitundika kwa kamba kati ya miti miwili, akaligeuza benchi lielekee ukuta wa mbao uliokuwa nyuma yetu. Kabla ya saa sita beseni lilikuwa tupu. Kutoka nje uliona miguu tu chini ya shuka: buti za wanajeshi, viatu vilivyong'arishwa, ndala, matope ya Bugeshi. Sauti za watu hazikusikika. Kulisikika kutafuna tu.

Siku moja niliingia nile changu, nikamkuta yule msichana wa jirani. Alikuwa ameshika viwili pamoja, na mafuta yamemfika kiwikoni, sawasawa na mimi nilipokuwa Bukoba.

"Usiniangalie," akasema.

"Sikuangalii."

"Na masomoni usiseme."

Tukakaa bega kwa bega, nyuso ukutani. Kitumbua kilikuwa cha moto, iliki ilikuwepo, na mimi nilitafuna haraka, midomo nimeifunga, ili sauti isipite upande wa pili wa shuka.

Nje, mama alikuwa anakula chake karibu na jiko, hadharani, na tulimsikia akimwambia kila aliyepita, kwa sauti yake kubwa ya Bukoba, "Karibu! Karibu, jamani!"

Msichana aliacha kutafuna, akanigeukia. Mimi nikaendelea kutazama mbao.