Baragumu ya Karton

Na tena musituambie eti Kétsia hajue kushindwa. Anajua. Aliisha kushindwa mara mingi mu ule muchezo wa karata za Biblia, na anatoshaka mukono, anasalimia muntu, anacheka. Siku ile hakushindwa. Balimuibia, na sisi tulikuwa tunaangalia.

Kétsia njo ule binti anauzishaka fromaji, jibini ya kwetu, kwa barabara ya Mushaki, beseni ya kijani kwa kichwa. Maziwa si yake, anaombaka kwa benye ngombe. Ngombe za kwabo ziliendaka na vita. Sasa komite ya vijana ya parokia iliposema mwenye kushinda atapata ndama jike, Kétsia alitafuta kamba mbele hata ya kuandikisha jina.

Karata za orijinali zinatokaka mbali, zinangaa, na Kifaransa yake. Sisi tunakata karton ya sabuni, tunachora, tunaandika jina na mustari ya Biblia. Komite ilikubali tangu siku ya kwanza: "Kopi ni sawa, kama mustari iko." Mara tatu Kétsia alishinda na karton ya sabuni. Hakuna mwenye alikohoa.

Finali, mu sale, ile nyumba ya mikutano ya parokia, anakutana na Thierry, mutoto wa Papa Kasika mwenye kamio, lori ya mizigo. Thierry hapigake. Anaweka karata ya Ukuta wa Yeriko, anakaa nyuma yake kama kuku kwa mayai, anangoja uchoke. Karata ya kuvunja ule ukuta ni moja tu, Baragumu, na inaomba upitishe mizunguko saba bila kupiga. Orijinali zake zilikuwa mbili tu mu Masisi yote. Thierry alinunua zote mbili. Si ya kucheza! Ya kufungia mu plastiki, muntu mungine asipate.

Kétsia akachora yake.

Muzunguko wa kwanza, akapitisha.

"Dada, ulikuya kusali ao kucheza?" Thierry akamuuliza.

Wa tatu, akapitisha.

"Fromaji imemulewesha huyu!" Thierry akaambia bantu.

Bantu bakacheka. Na Kétsia ni muntu mwenye aliishaka kufukuza shofere na beseni juu ya fromaji moja tu. Lakini akauma mudomo, akapitisha tena. Wa tano. Wa sita. Wa saba, akainuka:

"Kaka Thierry, sogea kidogo, mawe zisikuangukie."

Akaweka Baragumu.

Papa Viateur, mwenye alikuwa anaamua muchezo, akaibeba, akaigeuza.

"Hii ni karton."

"Ndiyo, Papa. Sawa zile zingine zote za leo."

"Kwa finali, orijinali tu."

"Hiyo sheria ilizaliwa saa ngapi?"

Papa Viateur hakumuangalia. Aliangalia Papa Kasika, mwenye alikuwa amekaa mbele na Fanta yake.

"Sasa hivi," muntu mumoja wa nyuma akajibu, pole pole.

"Basi Kaka Thierry aniazime moja. Iko nazo mbili mu mufuko."

Thierry akapiga-piga mufuko: "Baragumu zangu zinapumzika."

Kétsia akatugeukia. Ile habari ya Yeriko kila muntu wa ile sale anaijua: baragumu yenyewe haitoshe, bantu banapaswa kupiga kelele. Akangoja. Sale ilijaa mupaka kwa mulango. Mama Jeannette akaangalia biatu byake. Nestor akaangalia simu yenye ilikuwa imezimika. Juu nani anapelekaka maharagi yetu Goma? Kamio ya Papa Kasika. Papa Viateur akamupa Thierry ushindi.

Ndama ikapandishwa mu ile kamio, ikaenda kwa kilima ya Papa Kasika yenye ngombe zimejaa tayari. Ilikuwa inalia. Kétsia akakunja kamba yake, akaiweka mu beseni, akaenda kwabo.

Siku ya Mungu, Jumapili hii, nyuma ya misa, komite inakaa tena mu ile sale. Wewe mwenye ulikuwa pale, kuya. Simama, sema kwa nguvu: kopi ilikubaliwa, ndama ni ya Kétsia. Kama unaogopa kamio, pakia maharagi yako kwa pikipiki. Lakini kuya useme.