Sinia Zilizovuliwa Kawa

Enzi zetu pale Koboko, Idi ilianza kunukia kabla ya kupambazuka. Simsim ilikaangwa, bamia kavu ilitwangwa, na akina mama waliinama juu ya moto wakipika kisra, ule mkate mwembamba kama kitambaa. Sisi watoto tulioga maji baridi, tukapakwa mafuta hadi magoti yakang'aa, kisha tukaonywa tusikae chini mpaka swala iishe. Nani aliweza? Tukifika msikitini, kanzu zilikuwa zimeshapata rangi ya udongo.

Baada ya swala kila nyumba ilileta sinia yake uani kwa msikiti, imefunikwa kawa. Wa rika langu mnazikumbuka. Zilisukwa kwa nyuzi za rangi, na kila mama alikuwa na mchoro wake. Ukiona nyekundu na nyeusi zikizungukana, umejua ni nyumba ya Hajji Marjan, mwenye duka na lori la kwenda Arua. Ukiona kijani iliyofifia, ni ya Mama Zamzam, mjane aliyefulia watu nguo.

Lakini kawa hazikufika mbele ya walaji. Wazee walizipokea sinia mlangoni, wakazivua kawa zote na kuzirundika nyuma ya ukuta, kisha wakazichanganya sinia na kuzipanga juu ya mikeka. Ulipokaa, umekaa. Mwenye duka aliweza kuangukia maharage, na mkulima aliyetembea kutoka Dranya akaangukia nyama. Mama yangu alituambia, "Leo kila mtu iko mgeni wa Mungu." Mwaka mmoja mtoto wa Hajji Marjan, mwenye viatu vipya, aliinuka kutafuta sinia ya kwao. Baba yake akamwita mbele ya watu wote: "Kaa chini. Hapa hakuna yetu." Alikula maharage amenuna, nasi tukamcheka hadi Idi iliyofuata.

Kulikuwa na sinia moja tuliyoiwinda kwa pua. Bamia na simsim, na uchachu kidogo uliobaki chini ya ulimi. Tuliamini inatoka kwa Hajji Marjan, maana kitu kitamu hivyo kingetoka wapi kama si kwa tajiri?

Sisemi tulikuwa sawa. Jioni Hajji alirudi kwenye nyumba ya mabati, na Mama Zamzam kwenye ya nyasi, na kesho yake alifua mashuka ya Hajji kama kawaida. Lakini adhuhuri ile moja tulipumzika kutokana na mambo hayo.

Namshukuru Mungu kwa umri huu, na kwa mwanangu Swaleh, aliyejaliwa biashara ya mbao Arua. Ni mtoto mwema, swala haimpiti. Idi iliyopita alileta mahema na wapishi. Hema moja lilikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa, kwa walioalikwa. Upande wa pili watu walipanga mstari na sahani mkononi. Vijana waliovaa jezi za mpira waliipiga pilau picha kabla ya bismillahi. Siku hizi simu inakula kwanza, tumbo linangoja.

Ndipo akaingia Zamzam, binti wa yule mjane, sasa naye bibi na mjane. Kichwani alibeba sinia yenye kawa ya kijani, kama alivyofanya kila mwaka tangu mama yake afariki. Swaleh akamlaki kwa adabu, mikono miwili.

"Haboba, bibi yangu, mwaka huu umejisumbua bure. Chakula iko mingi. Hii rudisha nyumbani, alafu ingia laini ile, watakupa."

"Mimi sikukuja kupewa, mtoto wangu. Mimi nilileta."

"Najua, Haboba. Lakini sasa hii tutaiweka wapi?"

Aliuliza kwa moyo safi, na kweli mahali hapakuwepo. Hilo ndilo lililonichosha. Angemtukana, ningejua la kumwambia. Nikamwona Zamzam akiishika vizuri sinia yake na kugeuka kuelekea mlangoni.

Niliinuka kwenye kiti changu chenye kitambaa.

"Zamzam, teremsha."

"Wapi, kaka?"

"Hapa hapa, kwa mlango."

Nikaomba mkeka kutoka ndani ya msikiti. Nikaivua kawa kwa mkono wangu, nikaiweka nyuma ya ukuta. Wakulima wawili wa Kuluba walitoka kwenye mstari wakaja kukaa. Swaleh naye akaja.

"Baba, watu wanaangalia. Nikuletee kiti?"

"Kaa chini," nikamwambia.

Akautazama mkeka, akaitazama suruali yake. Kisha mtu akamwita kuhusu soda, akaenda.

Nikasema bismillahi, nikatia tonge. Bamia, simsim, na ule uchachu chini ya ulimi. Mkono wangu ukasimama hewani.

"Zamzam, hii nani alikufundisha?"

"Ni ya mama. Kila Idi alipika hii tu. Hatukuwa na ingine."

Wakulima waliendelea kula. Mimi nilikula polepole, nikitazama mstari na viti. Enzi zile hakuna aliyejua sinia hii ni ya nani, na ilikwisha kabla hatujashiba. Idi iliyopita kila mtu alijua, na ilibaki nusu.